Fomula za boriti zote ziko kichwani, swali likigeuzwa kidogo nakwama. Nisome vipi?

Sivili_Mwaka2

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kwa mliopo kazini na mnaofundisha uhandisi.

Kwenye mekanika ya miundo wengi wetu tunasoma kwa njia moja: kukusanya desa, kupiga pepa za nyuma za miaka mitano, kukariri hatua za kila swali. Boriti iliyokaa kwenye maegemeo mawili na mzigo umesambaa sawasawa, momenti ya kupinda ni wL²/8 (w ni mzigo kwa kila mita, L ni urefu). Kantiliva, yaani boriti iliyoshikwa upande mmoja tu, ni wL²/2. Kushuka kwa boriti katikati ni 5wL⁴/384EI (E ni ugumu wa mali yenyewe, I inatokana na umbo la sehemu iliyokatwa). Hayo tunayataja hata usingizini. Mhadhiri akichukua mzigo ule ule akauweka nusu ya boriti tu, basi, fomula yake haimo kwenye desa na kalamu inasimama.

Kila mtu anasema "elewa, usikariri", ila hakuna anayeonyesha kuelewa kunafanywaje. Naomba hatua za vitendo. Na jingine: kwa masomo saba na wiki sita zilizobaki kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa chuo), kuna vitu ambavyo ni halali kukariri tu?

---

Nondo_na_Zege

Mdogo wangu, tulichukue hilo hilo swali lako tulimalize, utaona kwamba fomula haikuhitajika.

Boriti ya mita 6, mzigo wa 20 kN kwa mita, umekaa kwenye mita 3 za kushoto tu. Kabla ya kushika kikokotoo, jiulize jibu litakuwa wapi. Mzigo ungejaa boriti yote, katikati ungepata 20 × 36 / 8 = 90 kNm. Sasa nusu ya kushoto na nusu ya kulia ni kama sura na kivuli chake, kila moja inachangia sawa pale katikati. Kwa hiyo mzigo wa nusu lazima utoe 45 kNm katikati, kamili, wala si makadirio. Hapo hujaandika mlinganyo hata mmoja na tayari una namba ya kukulinda.

Halafu hesabu yenyewe. Mzigo wote ni 60 kN na kitovu chake kiko mita 1.5 kutoka egemeo la kushoto. Chukua momenti kuzunguka egemeo hilo: riaksheni ya kulia, yaani nguvu ambayo egemeo linasukuma juu, ni 60 × 1.5 / 6 = 15 kN. Ya kushoto inabaki 45 kN. Momenti kubwa kabisa iko pale shia (nguvu ya kukata) inapokuwa sifuri, yaani mita 45/20 = 2.25 kutoka kushoto. Momenti hapo ni 45 × 2.25 − 20 × 2.25²/2 = 50.6 kNm. Hakiki kwa kutokea kulia: katikati ni 15 × 3 = 45 kNm, sawa na tulivyotabiri. Pia angalia kuwa kilele kimesogea upande wenye mzigo na ni kikubwa kidogo kuliko 45. Kingetoka upande wa kulia, ungejua pale pale kwamba alama ya kujumlisha au kutoa imekosewa mahali.

Zana zilizotumika ni tatu tu: jumla ya nguvu ni sifuri, jumla ya momenti ni sifuri, na momenti inafika kilele pale shia inapokata sifuri. wL²/8 yenyewe inatoka humo humo kwa mistari minne. Itoe mwenyewe kwenye karatasi tupu mpaka isikusumbue, kisha fanya hivyo kwa mzigo wa nukta, kwa kantiliva na kwa mzigo wa pembetatu.

Sasa kwa nini nalisemea hili kwa ukali. Ukienda saiti ukiwa na sentensi uliyokariri kwamba "nondo kuu hukaa chini", siku moja utapewa baraza la ghorofani linaloning'inia. Sentensi hiyo ni kweli kwa boriti ya maegemeo mawili kwa sababu inapinda ikitabasamu, upande wa chini unavutwa, na zege halijui kuvutwa: uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa kubanwa. Kantiliva inainama kinyume. Unaovutwa ni upande wa juu, na nondo lazima ziwe juu.

Kinachodanganya ni kwamba ukiziweka chini baraza halianguki siku hiyo. Piga hesabu. Slabu ya unene wa mm 150, inatokeza mita 1.5. Zege lenyewe ni 25 × 0.15 = 3.75 kN/m², vigae na plasta tuseme 1.25, uzito wa watu tuseme 3. Jumla 8 kN/m². Kwa kila mita ya upana, momenti pale ukutani ni 8 × 1.5²/2 = 9 kNm. Moduli ya sehemu (Z, unayogawia momenti kupata mkazo) ni 1000 × 150²/6 = mm³ milioni 3.75, kwa hiyo mkazo wa kuvuta juu ya slabu ni 2.4 N/mm². Zege la kawaida linapasuka likivutwa kwa 2 hadi 3. Bila watu, mkazo ni 1.5 tu. Maana yake mbao za fomu zilizoshikilia zege zinatolewa, baraza limesimama, rangi inapakwa, mwenye nyumba anahamia. Siku ya sherehe watu wanajazana, ufa unafunguka juu kando ya ukuta, na hakuna nondo ya kuushika. Linaporomoka bila onyo.

Na hata anayejua kuziweka juu, asipoelewa kwa nini, hatawazuia vibarua kuzikanyaga wakati wa kumwaga zege. Nondo ya juu kwenye slabu hiyo inakaa kama mm 119 kutoka chini. Ikikanyagwa ikashuka mm 40, umepoteza karibu theluthi ya uwezo wa slabu ilhali idadi ya nondo ni ile ile ya kwenye mchoro. Ndiyo maana kuna viti vya nondo chini ya wavu wa juu, na ndiyo maana kuna ubao wa kupitia toroli. Biskuti za chini, vile vipande vya kuinua nondo za chini, peke yake hazitoshi.

---

Mama_Saketi

Naongeza upande wa umeme, maana ugonjwa ni ule ule.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliweka maswali mawili kwenye mtihani mmoja. La kwanza: betri, balbu tatu zinazofanana zimeungwa mfuatano, ukifunga swichi inayoruka balbu ya tatu, nini kinaongezeka, nini kinapungua? La pili: saketi ya mizunguko miwili yenye namba, tafuta mkondo na tofauti ya volti. La pili ndilo linaloonekana gumu, lakini wanafunzi walifanya vibaya zaidi kwenye la kwanza. Hatua za Kirchhoff, za kujumlisha mikondo na volti kwenye saketi, walizikariri vizuri tu.

Jijaribu. Betri ni volti 12, kila balbu ina 4. Ukiruka ya tatu, inazimika, na mbili zilizobaki zinagawana 12, yaani 6 kila moja. Mkondo unaongezeka mara 1.5, zinang'aa zaidi, na betri inatoa nguvu zaidi. Atakayesema balbu ya kwanza haibadiliki "kwa sababu umeme unaifikia kabla ya kufika kwenye swichi" anajua V = IR kama herufi tu.

Saketi hiyo hiyo ya mfuatano ndiyo inayounguza vyombo mtaani nyutro (waya wa kurudishia umeme) inapokatika. Nyumba mbili ziko fezi tofauti, nyutro yao ya pamoja imekatika upande wa transfoma. Moja imewasha pasi ya wati 1000, nyingine balbu ya nyuzi ya wati 100. Sasa hizo mbili ziko mfuatano kwenye volti 400. Ukinzani wa pasi ni 230²/1000 = omu 52.9, wa balbu ni omu 529. Balbu inapata kama volti 364, pasi inapata 36. Kwa hiyo aliyewasha kitu kidogo ndiye anayeunguliwa, na mwenye pasi anashangaa haipati moto. Fundi asiyeelewa hili atabadilisha balbu, itaungua tena, ataambia watu umeme umezidi. Anayeelewa atapima volti kati ya nyutro na ardhi, kisha ataenda kukagua muungano wa nyutro.

---

Pepa_Kwanza

Wakubwa nawaheshimu, ila sikubaliani na kukariri kuonekana dhambi. Mtu hawezi kufikiri na kitu ambacho hakimo kichwani. Saiti hakuna atakayekusubiri ufungue simu kutafuta uzito wa zege.

Hivi vikaririwe bila aibu: zege lenye nondo 25 kN/m³, maji 9.81, chuma E (ugumu wake) ya N/mm² 200,000. Eneo la nondo ya 12 ni mm² 113, ya 16 ni 201. Kilo moja ya uzito ni kama newtoni 10. Na ile ya d²/162, kipenyo kwa milimita, jibu kwa kilo kwa kila mita. Nondo ya 12: 144/162 = kilo 0.889, na mche wa mita 12 ni kilo 10.7. Uking'ang'ania "kuelewa" bila namba hizi, utaelewa taratibu sana.

---

Nondo_na_Zege

@Pepa_Kwanza namba zako zote ni sahihi na hapo tuko pamoja. Ila hiyo 162 ni mfano mzuri wa namba inayofaa zaidi ukijua ilikotoka. Eneo la duara ni πd²/4, msongamano wa chuma ni kilo 7850 kwa mita ya ujazo, milimita za mraba zikigeuzwa kuwa mita unagawanya kwa milioni. π/4 × 7850 / 1,000,000 = 0.006165, na hiyo ni 1/162.

Ukijua hivyo unaweza kuirudisha nyuma. Mche wa nondo "ya 12" umepimwa kwenye mizani, ukakuta kilo 9. Tisa kugawa 12 ni 0.75, mara 162 ni 121.5, kipeuo chake cha pili ni mm 11.0. Umeuziwa nondo ya 11. Eneo ni mm² 95 badala ya 113, pungufu la asilimia 16, wakati viwango vinavumilia pungufu dogo tu, asilimia chache. Kwa kalipa usingeligundua kwa urahisi, kwa sababu mbavu za nondo zinapotosha kipimo. Na fimbo ya duara ya alumini? Wala usitafute fomula nyingine, badilisha msongamano.

---

Fundi_Pampu

Mfano mmoja wa mekanika. Kila desa la maji linasema pampu ya juu haivuti maji kutoka kina kinachozidi mita 10.3. Anayekariri anaichukua namba hiyo mpaka Arusha.

Pampu haivuti kitu. Inapunguza presha ndani ya bomba, na hewa iliyo juu ya maji ya kisima ndiyo inayoyasukuma kupanda. Usawa wa bahari presha ya hewa ni kPa 101.3, gawanya kwa 9.81 unapata 10.3. Kwenye mwinuko wa mita 1,400 presha ni kama kPa 86, kwa hiyo kikomo cha nadharia ni mita 8.7 hivi. Toa presha ya mvuke wa maji, kama mita 0.3. Toa msuguano wa bomba na valvu ya chini, tuseme mita 1. Toa kile pampu yenyewe inachohitaji mlangoni, ambacho kimeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji kama NPSH, tuseme 2.5. Dar utabaki na mita 6.5, Arusha chini ya 5.

Ukizidisha hapo, maji yanachemka kwenye mlango wa impela (gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu) bila moto. Pampu inasikika kama imemeza kokoto, impela inaliwa vishimo vishimo, presha inayumba. Kosa la kwanza la aliyekariri ni kuagiza pampu ya hosipawa kubwa zaidi. Kubwa inataka maji mengi, msuguano unaongezeka, NPSH inayohitajika inapanda, hali inakuwa mbaya zaidi. Jaribio rahisi: bana kidogo valvu ya upande wa kutolea maji. Kelele ikipungua, tatizo ni la uvutaji. Usibane valvu ya upande wa kuvutia kamwe. Tiba ni kushusha pampu, kupanua bomba la kuvutia, kupunguza kona, au kuweka ya kuzamishwa kisimani.

---

Tutoria_B

Nijibu sehemu ya "hatua za vitendo", kwa mtu mwenye wiki sita.

Chukua pepa za nyuma, zikate kila swali karatasi yake, changanya masomo yanayokaribiana. Usikokotoe chochote. Zipange mafungu kwa kujiuliza: mstari wa kwanza wa jibu utatoka kwenye sheria gani? Usawa wa nguvu? Kulingana kwa maumbo, yaani sehemu mbili zilizounganishwa lazima zisogee pamoja? Uhifadhi wa nishati? Michelene Chi na wenzake walionyesha mwaka 1981 kuwa wanaoanza fizikia hupanga maswali kwa sura, hili lina mteremko, hili lina springi, ilhali wabobezi hupanga kwa sheria iliyo chini yake. Ukishazoea kupanga hivyo, maswali sitini yanageuka mafungu matano au sita, na hapo wiki sita zinatosha.

Kisha kwa kila fungu chagua mawili tu, lakini uyapige kweli kweli. Andika utabiri kabla ya kukokotoa: jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko nini, na kwa upande gani. Ukimaliza, liharibu swali: sogeza mzigo, badili egemeo moja liwe la kufungwa, ongeza urefu maradufu. Lisukume hadi mwisho wake. Mzigo wa nukta P unatoa momenti ya Pab/L (a na b ni umbali wake kutoka kila egemeo). Usogeze mpaka juu ya egemeo, a inakuwa sifuri na momenti inapotea, ndivyo inavyotakiwa. Uweke katikati, unapata PL/4. Fomula uliyoikosea kidogo haipiti mtihani huo.

Jambo jingine linalowadanganya wengi ni kusoma desa mara nne na kuhisi limeingia. Roediger na Karpicke, mwaka 2006, walilinganisha wanaorudia kusoma na wanaofunika maandishi wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wamepitwa. Kwa hiyo funika, andika kwenye karatasi tupu, linganisha, na urudie baada ya siku mbili tatu, si usiku huo huo. Hata namba za @Pepa_Kwanza zinakaa vizuri kwa njia hiyo.

Na jaribu hili kwa mikono: chukua mbao ya 2×6, iweke juu ya matofali mawili ikiwa imelala, simama katikati. Isimamishe kwa ubavu, simama tena, mwenzako akiishikilia isipinduke. Ugumu wa kupinda umeongezeka mara 9, nguvu mara 3. Tafuta kwa nini hizo namba mbili hazifanani (moja inatoka kwenye bd³/12, nyingine kwenye bd²/6) na hutakuja kuchanganya I na Z maishani.

---

Sivili_Mwaka2

Asanteni sana wakuu. Nimejaribu kuharibu swali kama alivyosema @Tutoria_B. Boriti ile ile, A hadi B mita 6, ila sasa inapita B na kuning'inia mita 2 zaidi. Mzigo 20 kN/m kote. Nimepata riaksheni A = 53.3 kN, B = 106.7 kN. Momenti juu ya B ni 40 kNm, juu inavutwa. Kilele cha ndani ni 71.1 kNm, mita 2.67 kutoka A, chini inavutwa. Momenti inakata sifuri mita 5.33 kutoka A. Je, nondo za juu nizikate hapo, mita 0.67 ndani ya B?

---

Nondo_na_Zege

Hesabu zote ni sawa, na kuuliza nondo zikatwe wapi ndilo swali lenyewe. Ila usikate hapo, kwa sababu mbili.

Kwanza, mzigo wa watu haukai kote kila wakati. Tuseme katika hiyo 20, 12 ni uzito wa kudumu na 8 ni watu. Watu wakiwa kwenye ncha tu, ndani ya A–B unabaki 12. Momenti ya B bado ni 40, riaksheni ya A inashuka hadi 36 − 40/6 = 29.3 kN, na sifuri inahamia mita 2 × 29.3/12 = 4.89 kutoka A. Hiyo ni mita 1.11 ndani ya B, si 0.67. Geuza sasa: watu wote ndani, ncha tupu. Momenti ya B inakuwa 24, riaksheni ya A 56, na kilele cha chini ni 56²/(2 × 20) = 78.4 kNm, kikubwa kuliko 71.1 yako. Kujaza mzigo kote hakukukupa hali mbaya zaidi ya kilele cha chini wala ya urefu wa nondo za juu.

Pili, BS 8110, kiwango cha zege cha Uingereza kilichoondolewa huko mwaka 2010, kilitaka nondo ipite mahali isipohitajika tena kwa umbali usiopungua kina cha kufanyia kazi cha boriti (kutoka ukingo unaobanwa hadi kwenye nondo) au mara 12 ya kipenyo chake, chochote kilicho kikubwa. Kina kikiwa mm 450 na nondo ni ya 16, 450 inashinda 192. Basi 1.11 + 0.45, nondo za juu ziingie ndani ya B si chini ya mita 1.56. Hizi ni namba bila vizidisho vya usalama. Rudia na 1.4 kwa mzigo wa kudumu na 1.6 kwa watu, ukiweka 1.0 kwa mzigo wa kudumu pale unapokusaidia, na utaona sifuri inasogea ndani zaidi. Weka jibu lako hapa tulikague.